Usirudishe Springi za Dukani

Mutinda mwanangu,

Salamu utazipata kesho asubuhi stejini ukipanda gari, mbele za watu, na najua utaona aibu nikikushika mashavu, kwa hivyo hapa naziruka. Nakuandikia nikiwa na hasira. Nakwambia mapema usije ukafika katikati ukaanza kujiuliza, "Kwani Mwaitu amekasirika?" Ndiyo, mama yako amekasirika, na si wewe peke yako uliyemkasirisha.

Mchana huu ulipotoka kwenda kuaga wenzako wa kwaya, niliingia chumbani kwako kufuta sanduku vumbi. Nikakuta ile lori yako ya rimoti kitandani, imelazwa chali kama mbuzi anayekatwa kwato. Upande wa kulia wa mbele, shoki yetu tuliyounda kwa sirinji iko pale pale. Upande wa kushoto umeng'oa kila kitu tulichotengeneza. Umerudisha ule mkono mfupi wa dukani wa kushika gurudumu, uliokuja na lori yenyewe, na ile springi yake laini kama ya kalamu. Na springi ya pili ya dukani umeiweka kando, inangoja zamu yake.

Niliishusha chini nikaiendesha kidogo kwa simiti. Inavuta kushoto. Haiwezi hata kufika mlangoni bila kugonga ukuta. Nikairudisha kitandani vile nilivyoikuta, nikaja hapa dukani, nikafunga nusu ya mlango ili watu wadhani nimeenda kula, na sasa naandika nyuma ya katoni za dawa ya kupe.

Tangu Jumapili hujasema neno kuhusu yale mjomba wako alisema. Mimi nikadhani umenyamaza kwa sababu jibu unalijua. Kumbe ulikuwa umenyamaza ukitafuta bisibisi.

Wacha niyarudie yale maneno ili tuwe tunaongea jambo moja. Tulikuwa kwa Susu, mama yangu, baada ya kanisa, sahani bado ziko mkononi. Kaka yangu Kilonzo akafuta mdomo, akasema chumba cha nyuma katika nyumba yake huko mjini Wote kiko tayari, kina kitanda na meza na stima, na utakaa humo bure mpaka umalize kozi yako ya umekanika. Nikafurahi, nusura nipige vigelegele. Halafu akainua kidole. "Lakini kwanza," akasema, "ile lori nilimletea kutoka Uarabuni irudi vile niliitoa kwa katoni. Afike nayo mkononi, aniombe msamaha kwa kuiharibu. Na katika nyumba yangu hakuna kufungua-fungua vitu." Wewe ukatazama sahani. Hapo ndipo akaongeza hii sentensi ninayoibeba mpaka leo: "Mtu anayeharibu kitu kizima, atatengeneza aje kilichoharibika?"

Susu akaitikia, "Mkataa pema pabaya panamwita, mjukuu wangu." Baba yako akasema, "Fanyeni vile mnaona," akatoka kwenda kuangalia mbuzi ambao hawakuwa na shida yoyote. Na mimi, mwenye mdomo mrefu kuliko wote Ikutha nzima, nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu ya kile kitanda na ile stima. Basi leo nasema.

Unakumbuka lori ilivyofika? Ulikuwa bado unavaa kaptula ya shule. Mjomba wako alikuwa amekuja likizo, wakati ule akiendesha magari ya watu huko Uarabuni. Akaitoa kwa katoni yake, nyekundu, ina magurudumu makubwa na rimoti yenye antena. Kijiji kizima kilikuja kuiona. Na mimi nikafanya nini? Nikaiweka kwa kabati la sebuleni, nyuma ya kioo, kati ya glasi za harusi na ile thamosi ambayo haijawahi kuona chai. Nikaifunika kwa kitambaa nilichofuma mwenyewe. Mgeni akija nainua kitambaa, anasema "Alaa!", nafunika tena. Wewe ulikuwa unasimama hapo mbele ya kioo umeweka mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kuona maiti. Ukiniuliza, nakwambia, "Ukipita mtihani."

Sisi watu wa huku ndivyo tulivyo. Kitu kizuri hatukitumii, tunakifunika. Kochi tunalikalia na nailoni yake mpaka nailoni ipasuke. Mtihani ulipita, nikasema ule mwingine. Na siku niliyoinua kitambaa nikaona unga wa kijani unatoka tumboni mwa lori, betri zilikuwa zimeoza humo ndani zamani, zimekula vyuma vyote.

Ulipoifungua wewe, nilikuja na mwiko. Nakumbuka vizuri. Ulikuwa umekaa chini ya dirisha, skrubu zote umezipanga juu ya kifuniko cha sufuria, unasugua vile vyuma kwa wembe na ndimu. Nikauliza ni nani amekupa ruhusa ya kuua zawadi ya mjomba wako. Hukukimbia. Ulisema, "Mwaitu, ilikufa ikiwa kwa kabati."

Nikarudi jikoni na mwiko wangu. Jioni hiyo lori ikatembea.

Ikatembea kwa simiti, lakini. Nje ilikuwa bure kabisa. Ilitengenezewa nyumba za watu wenye mazulia, si uwanja wetu wa mawe na mashimo ya kwato. Ugonjwa ulikuwa mbele. Ikikuta jiwe, springi zile laini zinalala zote, pua inagonga chini, inakwama. Ikikuta shimo, gurudumu moja linabaki hewani linazunguka tu. Ukawa unakuja hapa dukani kila siku ukitoka shule, unaniuliza, mimi muuza dawa za mifugo, mimi ambaye gari ninaijua kwa kupanda tu.

Na badala ya kusema sijui, nikajifanya fundi. "Weka springi ngumu," nikakwambia. "Kitu kikiwa kigumu hakilali." Ukaenda kwa yule jamaa wa kutengeneza pikipiki, akakupa springi za klachi. Tukazifunga kwa nguvu zetu zote. Tukaipeleka mtoni, kwenye ile njia ya punda wa maji. Lori ikagonga jiwe la kwanza ikaruka juu kama mwanambuzi aliyeumwa na siafu, ikapinduka, mkono wa mbele ukavunjika. Na mimi nikakugeukia nikasema, "Hukukaza vizuri!"

Ulikuwa umekaza vizuri. Makosa yalikuwa ya springi zangu, na nilijua hapo hapo, na sikusema. Ukaokota vipande ukatembea mbele yangu mpaka nyumbani bila kugeuka. Hiyo ndiyo tabia yangu mbaya kuliko zote: nikishindwa, nakuwa mgumu, na aliye karibu ndiye anayevunjika. Ugumu si nguvu, Mutinda. Hilo sikufunzwa kanisani, nilifunzwa na lori ya mtoto.

Aliyetutoa gizani ni Abdi, yule mfanyabiashara wa mifugo anayekuja siku za soko kununua dawa ya minyoo. Alikuwa amesimama hapa kwa kaunta akingoja chenji, akakuona ukiiendesha kwenye changarawe mbele ya duka. Alicheka mpaka akashika tumbo. "Mama Mutinda, wallahi gari hii inaruka kwa sababu mguu wake hauteremki. Mwangalie ngamia akishuka korongo. Mguu unatangulia chini, tumbo linakuja baadaye." Hukumngoja hata amalize. Ulikimbia nyumbani, na nikabaki mimi kumwomba Abdi radhi kwa mtoto asiye na adabu. Akasema, "Mwache. Amesikia."

Sasa hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza, na nataka uikumbuke yote, moja moja, kabla hujashika bisibisi tena.

Mikono mirefu tuliikata kwenye lile pipa la bluu lililopasuka. Niliishikilia kwa goti langu, na kovu ninalo. Ukaifunga, gurudumu likateremka vizuri, tukashangilia, halafu tukaona magurudumu yote mawili yanatazamana kama mtu mwenye makengeza. Tulikuwa tumerefusha mikono tukasahau vile vijiti vya usukani. Ukakata spoki za baiskeli ya baba yako. Alitafuta ni nani aliyelegeza gurudumu lake wiki nzima, na sisi wawili tukamsaidia kutafuta. Zile nati ndogo za spoki ndizo zilituokoa, kwa sababu ungeweza kuzizungusha kidogo kidogo mpaka magurudumu yanyooke.

Halafu shoki. Springi za kabureta tulizoweka badala ya zile za klachi zilikuwa laini sawasawa, lakini lori ikipita jiwe inaendelea kunesanesa kama mlevi anayesalimia watu. Hapo ndipo mimi, mimi mwenyewe, nikachukua sirinji kwa rafu nikasema jaribu hii. Usiseme ni wewe. Wewe ulisema, "Hiyo si ya mbuzi?" Nikakwambia mafuta yakipita kwa tundu dogo yanapita polepole, kama vile dawa nzito inavyokataa kutoka kwa sindano nyembamba, na mkono wangu unaijua kazi hiyo kuliko mkono wa mtu yeyote hapa sokoni. Tukatoboa mpira wa ndani wa sirinji kwa sindano ya mbuzi, ikawa nzito mno. Tukatoboa kwa sindano ya ng'ombe, ikawa sawa. Kizibo cha mpira cha chupa ya dawa tukakifanya mfuniko, spoki ikapita katikati yake na mafuta hayakutoka.

Mafuta yenyewe tulianza na ya kupikia. Asubuhi tukakuta sisimizi wamepanga mstari kutoka dirishani mpaka kwa lori, wengine wamekufa humo kwa raha zao. Ulicheka ukalala chini. Tukatafuta mafuta ya shoki ya pikipiki.

Na siku tuliyorudi mtoni nilibeba yai. Ulidhani nimebeba la kula. Nikaliweka kwa bakuli juu ya mgongo wa lori, bila kulifunga, nikasema, "Pita." Ulikataa. Nikasema, "Pita, kuku ni wangu." Ikapita mawe yote ya njia ya punda. Niliona kila gurudumu likishuka shimoni peke yake, likipanda peke yake, na lile yai limekaa tu linatikisika kidogo kama kichwa cha mzee anayesikiliza mahubiri. Wale wanawake wa punda waliacha mitungi yao wakatazama. Nilipiga kelele. Nilikwambia machozi ni ya vumbi. Hayakuwa ya vumbi.

Hicho ndicho kitu unaambiwa umeharibu. Hicho ndicho kitu leo umeanza kukiombea msamaha kwa bisibisi.

Nitakwambia jambo ambalo sijawahi kukwambia, kwa sababu linanihusu vibaya. Nilipoolewa na baba yako, nilimkuta mama yake akipikia chini, mafiga matatu, mgongo umekunjwa kutoka uji wa asubuhi mpaka githeri ya jioni. Mimi nikiwa bibi arusi mpya, kichwa moto, nikakanda udongo na majivu na mavi ya ng'ombe, nikajenga jiko la kusimama, linafika hapa kiunoni. Nikatengeneza mdomo wa kuingiza kuni na tundu la moshi. Lilikuwa zuri, Mutinda. Nililipiga msasa kwa jiwe la mtoni likang'aa.

Mama mkwe akarudi kutoka shambani, akasimama mlangoni. Akasema, "Kwetu moto unakaa chini." Basi. Hakusema kingine. Akaenda akalala bila kula. Watu wakaanza kuniambia, omba msamaha, wewe ni mgeni, usianze ndoa na vita. Nikalibomoa kwa mikono yangu mwenyewe, kwa jembe, na udongo bado unyevu. Nikarudisha mafiga matatu mahali pake. Nikapiga magoti nikaomba msamaha, naye akasema, "Sawa." Tangu siku ile nikapikia chini. Huu mgongo unaoniona nikishika nikiinuka, unatoka pale. Lakini si mgongo ulioniuma zaidi. Tangu siku ile, kila nilipofikiria kitu kipya, nilikuwa naangalia mlangoni kwanza kuona ni nani amesimama. Nilikaa hivyo miaka mingi sana, mpaka nilipofungua hili duka.

Na unajua alichoniambia yule mama kabla hajaondoka duniani? Alikuwa hawezi kuinama tena. Nilikuwa namlisha uji. Akaniuliza, "Lile jiko lako la juu, ulilibomolea nini?" Nikadhani anachanganyikiwa. Nikamwambia, si ni wewe ulikataa, mama? Akasema, "Nilishtuka tu. Sikuwa nimewahi kuona moto uko juu. Nilidhani baada ya siku mbili nitalizoea. Halafu nikakuta umelibomoa, nikasema, kumbe hata yeye ameona ni baya."

Nilitoka nje nikakaa nyuma ya choo nikalia kwa hasira. Nilikuwa nimetoa ushahidi juu ya kazi yangu mwenyewe, na mimi ndiye shahidi peke yake aliyejua ukweli. Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia nilibomoe. Mama mkwe alikuwa amesema sentensi moja tu. Jembe nililishika mimi.

Wewe utasema mjomba yeye amesema waziwazi, si kama nyanya yako mzaa baba. Kweli. Amesema waziwazi. Lakini mkono unaofungua skrubu ni wako.

Sikwambii Kilonzo ni mtu mbaya. Usije ukafika Wote ukamtazama mjomba wako kama nyoka. Ndiye aliyenibeba mgongoni kuvuka mto nilipokuwa mdogo, na ile lori aliichagua yeye mwenyewe, katika mji ambao hakuna aliyejua jina lake, walimwita "dereva" tu. Aliporudi mara ya pili alitarajia kuikuta kwenye kioo. Akaikuta uwanjani, ina sirinji za mbuzi puani na matope, na watoto wa majirani wanakushangilia wewe, hawamshangilii yeye. Iliuma. Nilimwona usoni. Kama angesema, "Iliniuma," ningemkumbatia hapo hapo, na wewe ungemkumbatia. Lakini hakusema hivyo. Alisema umeharibu. Hayo ni maneno mawili tofauti, na sitakubali ulipe deni la neno la kwanza kwa kukubali la pili.

Mshukuru. Mshukuru kwa moyo wote, mara nyingi utakavyo, mbele ya mtu yeyote. Bila yeye tusingekuwa na kitu cha kufungua. Mwambie pole kwamba iliuma. Lakini kusema ulikosea kutengeneza kitu kikatembea, hapana. Hapana, na hapana tena, hata Susu alete methali zake zote na za jirani.

Na usidhani ninakutuma vitani huku mimi nimejificha nyuma ya kaunta. Nimempigia simu saa hii, kabla ya kuanza karatasi hii. Nimemwambia, "Kilonzo, matundu yale nilitoboa mimi, na sindano ni za duka langu. Kama kuna mtu wa kuulizwa, niulize."

Akasema, "Basi wewe ndiye wa kuomba msamaha."

Nikamwambia, "Naomba. Nisamehe kwa kuifungia kabatini mpaka betri zikaoza. Hiyo ndiyo dharau niliyokufanyia. Hayo mengine sirudi nyuma."

Nikasikia redio yake. Halafu akasema, "Wewe tangu zamani ni kichwa ngumu," na simu ikakatika. Sijui kama aliikata au mtandao ndio ulipotea, ila yangu ilikuwa na mtandao wa kutosha.

Kuhusu chumba chake sikumwambia lolote. Hicho si changu kukikataa. Ukikitaka, ni chako, kwa masharti yake. Na kwa sababu hatutaki kudanganyana, nikuambie na upande wa pili ulivyo. Yule mama niliyekuwa naye kwaya zamani, sasa anaendesha kinu cha kusaga Wote, ana chumba nyuma. Nimeongea naye pia. Ni kidogo, utakitumia na kijana mwingine, ukuta ni mabati, na kinu kinaanza kunguruma kabla hujaamka. Unga utaupata kwa nywele, kwa chai, kwa Biblia. Hakuna meza. Lakini nilimwuliza kama kijana wangu anaweza kufungua vitu humo, akacheka. Akasema kinu chenyewe kimekuwa na kelele mbaya siku nyingi na fundi wake haonekani, kwa hivyo kijana aje na spana zake. Sijui kama utaweza kulala humo. Mimi nisingeweza. Wewe una usingizi wa baba yako.

Utaniuliza kwa nini nachoma moyo hivi kwa sababu ya toi. Hata baba yako ameuliza, alipopita hapa dukani sasa hivi. Nimemjibu hivi: mtoto anaenda kusomea kazi ya kufungua vitu vya watu na kuvirudisha vikiwa bora. Kila siku ya maisha yake atasimama mbele ya mwenye gari aliyekasirika. Akianza safari hiyo kwa kuomba msamaha kwa kazi bora aliyowahi kufanya, atafika huko akiwa tayari ameinama. Baba yako akafikiria, akasema, "Fanyeni vile mnaona." Lakini safari hii hakwenda kwa mbuzi. Alikaa.

Huenda nimekosea. Nilikosea kwa springi za klachi, na nilikuwa na uhakika vile vile. Huenda chumba kizuri chenye stima ndicho kitakachokufanya upite, na huu mdomo wangu ndio utakaokufanya usinzie darasani na unga masikioni. Nikikosea, utanirudishia maneno yangu, na safari hii sitasema hukukaza vizuri. Nitasema ni mimi.

Sasa sikiliza mwisho. Nimefunga duka nikarudi nyumbani, na barua hii naiweka juu ya lori yako, hapo kitandani, na shoki ya kushoto uliyoing'oa nimeipangusa mafuta nikaiweka kando yake pamoja na mkono wake na kijiti chake cha spoki. Hakuna kilichopotea. Sijafunga kitu, kwa sababu mikono ni yako. Ukitaka kurudisha kazi yetu, kila kitu kiko hapo.

Ukitaka kumalizia ya mjomba wako, utakuta kitu kimoja hakipo. Ile springi ya pili ya dukani iko mfukoni mwa aproni yangu. Sikuiba, na sitaificha. Njoo jikoni uniombe, nitakupa mara moja, na kesho nitakubebea sanduku mpaka stejini kama kawaida bila neno. Lakini utaniomba ukiwa umesimama mbele yangu, unanitazama machoni, uniambie kwa mdomo wako kwamba tuliharibu.

Mwaitu